Wasomaji Wanauliza: Laki nane za kustaafia ugenini

Safu hii hujibu maswali ya wasomaji kuhusu pesa, benki na pensheni. Mwandishi wake alikuwa karani wa benki Dar es Salaam, kisha akahamia Uingereza, na sasa ni mstaafu anayeishi Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand.

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Tanga, nimekaa Leicester tangu miaka ya tisini na nina pasipoti ya Uingereza. Nina miaka 63; mume wangu, aliyekuwa dereva wa basi, ana 67. Binti yetu anafundisha huko Chiang Mai. Tulikwenda kumtembelea, tukapapenda, na sasa tunataka kuhamia. Kila tunayemuuliza ana lake: mmoja anasema ili kupata viza ya mstaafu lazima muwe na laki nane za baht, pesa za huko, benki, mwingine anasema mapato ya mwezi yanatosha, wa tatu anamjua wakala wa kutukopesha hizo laki nane. Mume wangu anapata pensheni kamili ya serikali na pauni 430 kwa mwezi kutoka kampuni ya mabasi. Mimi napata pauni 610 za hospitali. Akiba yetu ni kama pauni 31,000, karibu yote iko kwenye akaunti ya pamoja. Je, tutafaa?
Muuguzi mstaafu, Leicester

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Mtafaa. Ila pesa hizo, kwa jinsi zilivyokaa leo, zingerudishwa dirishani kabla hamjavuta kiti.

Tuanze na mapato ya mwezi, maana ndiyo njia inayowavutia wengi: hakuna kufungia pesa benki. Mstaafu wa miaka 50 na kuendelea anatakiwa aonyeshe baht 65,000 kila mwezi. Pensheni kamili ya serikali ya Uingereza kwa mwaka wa fedha 2025/26 ni pauni 230.25 kwa wiki, yaani kama 998 kwa mwezi. Ongeza 430 za mabasi, shemeji ana 1,428. Pauni moja ikiuzwa baht 43 na nusu, hiyo ni baht 62,000 na ushei. Amepungukiwa na elfu tatu hivi. Najua utasema, "Na zangu 610 je?" Zako hazimsaidii. Mwombaji ni mmoja, na mapato yanayohesabiwa ni yake mwenyewe.

Na hata kama angevuka mstari huo, nisingemshauri aitegemee njia hiyo. Mwaka 2005 pauni moja ilikuwa inauzwa zaidi ya baht 70, kwa hiyo baht 65,000 zilikuwa hazifiki pauni 930. Wazee wa Kiingereza waliokuja enzi hizo walistarehe. Leo baht ni zilezile 65,000, lakini zinataka karibu pauni 1,500. Kiwango hakikubadilika hata nukta. Kilichobadilika ni bei ya pauni, na ofisa wa uhamiaji hana habari na bei ya pauni.

Halafu kuna kugandishwa. Wenzetu walioko nyumbani wana kikokotoo chao cha pensheni cha kugombana nacho, sisi tuliofanya kazi Uingereza tuna hili. Ukihamia Thailand, pensheni ya serikali ya Uingereza haipandi tena kila mwaka. Inabaki palepale ilipokuwa siku ulipoondoka. Ni hivyohivyo kwa anayerudi Kenya au Tanzania. Aliyeanza kulipwa pensheni ya msingi, ile ya utaratibu wa zamani, akiwa nchi kama hizi mwaka 2010 kwa pauni 97.65 kwa wiki, mpaka leo anapokea 97.65, ilhali mwenzake wa umri uleule aliyebaki Leicester alikuwa anapata 176.45 mwaka wa fedha 2025/26. Kwa hiyo shemeji akipungukiwa na elfu tatu mwaka huu, kila bei za vitu zikipanda hapa yeye atakuwa anazidi kushuka. Na wewe, ambaye pensheni yako ya serikali itaanza ukifika miaka 67, utagandishwa tangu siku ya kwanza utakayoipokea hapa. Liingizeni hilo kwenye hesabu ya maisha, si ya viza peke yake.

Kuna ushahidi pia. Zamani ubalozi wa Uingereza ulikuwa unaandika barua kuthibitisha mapato ya mstaafu, na barua hiyo ilitosha. Uliacha mwishoni mwa 2018. Siku hizi anayetumia njia ya mapato huonyesha kitabu cha benki ya Thailand chenye pesa zilizoingia kutoka nje mwezi hadi mwezi, miezi 12. Mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi ataitoa wapi miezi 12? Sheria ina njia ya tatu, ya kuchanganya mapato na akiba hadi vifike laki nane kwa mwaka, na kwa hesabu ya karatasi ingewafaa sana nyinyi. Lakini ofisi nyingi bado zinataka ile barua ya ubalozi ambayo haiandikwi tena. Isahauni.

Zinabaki laki nane. Kwa bei ya leo ni kama pauni 18,400, nanyi mna 31,000. Kwa wingi, mmepita. Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo kazi yangu ya zamani inaponisaidia.

Nilipokuwa kaunta, wateja walikuwa wakija kuomba barua ya salio ya kupeleka ubalozini. Wengi mmeiona hiyo: kijana anataka viza, mjomba anamwingizia milioni kadhaa, barua inaandikwa, kesho yake pesa zinarudi kwa mjomba. Barua yangu ilikuwa ya kweli kabisa, salio lilikuwepo. Ofisa wa viza naye hakuwa mjinga. Aliomba taarifa ya miezi sita, akaona akaunti iliyolala kama maji ya mtungi halafu ghafla imefurika wiki iliyopita. Salio lilisema ndiyo, tarehe zikasema hapana. Thailand wao wamezichukua tarehe wakazifanya sheria.

Tangu mwaka 2019 utaratibu uko hivi. Laki nane ziwe zimekaa kwenye benki ya Thailand miezi miwili kabla ya siku ya kuomba. Ukishapata muhuri, zikae palepale miezi mitatu mingine bila kuguswa. Baada ya hapo unaruhusiwa kushuka, lakini kamwe usishuke chini ya laki nne, na miezi miwili kabla ya kuomba tena ziwe zimerudi laki nane. Mwaka wa pili ofisa hufungua kitabu na kupitisha kidole mstari kwa mstari. Siku moja tu ya baht 399,000 inatosha kukukwamisha. Wengi wetu hatuhangaiki na kushusha na kupandisha. Tunaziacha laki nane kwenye amana ya muda maalumu, zinatoa riba kiduchu, tunasahau kama zipo.

Kusahau huko ndiko ninakotaka mkuzoee. Hizi pesa si za matumizi, na si za hospitali pia. Watu hujipa moyo: "Tuna laki nane benki, tukiugua tutatibiwa." Ukizitoa kulipia upasuaji mwezi wa Machi na ombi lako ni la Aprili, umepona lakini huna kibali cha kukaa. Kwa hiyo mpango wa kuhamia hapa unahitaji mafungu mawili: laki nane zilizofungwa, na pesa nyingine za dharura zilizo huru. Kwenu nyinyi fungu la pili ni zile pauni 12,600 zitakazobaki, na mapato ya mwezi ya wawili nyinyi, ambayo kwa maisha ya Chiang Mai yanatosha bila kubana. Bima ya afya haidaiwi kwa anayeingia na viza ya Non-O na kuongezea mwaka hapahapa. Inadaiwa kwa viza ile nyingine iitwayo O-A, na ni bima nzito, ya baht milioni 3. Chukueni Non-O. Lakini bima tafuteni hata kama haidaiwi, na mapema, kwa sababu mtu wa miaka 67 hukubaliwa kwa shida na mtu wa 75 karibu hakubaliwi kabisa.

Jina sasa. Akaunti ya pamoja, ambayo kwetu ni dalili ya ndoa nzuri, hapa ni tatizo. Ofisi nyingi huikataa kwa viza ya mstaafu, nyingine huhesabu nusu yake tu. Laki nane ziwe kwenye akaunti ya Thailand yenye jina la mwombaji peke yake. Mmoja wenu akifaulu, mwingine hupewa kibali kama mwenzi wake, bila kuonyesha laki nane nyingine. Hicho ndicho kitawaokoa, kwani laki nane mbili ni pauni 36,800, nanyi hamna.

Lakini mwenzi hutakiwa athibitishe ndoa. Mlioana wapi? Kama ni Tanga na mlichonacho ni karatasi ya sheikh iliyoandikwa kwa kalamu, anzeni leo kufuatilia cheti rasmi cha RITA, wakala wa usajili wa Tanzania, mkitafsirishe, mkigongeshe mihuri Wizara ya Mambo ya Nje na kwenye ubalozi wa Thailand unaohusika. Nimeona watu wenye pesa kamili wakikwama miezi kwa cheti cha ndoa, na wengine wana wajukuu!

Njia ambayo pesa zinapitia nayo hutazamwa. Ombi la kwanza linataka ionekane zilitoka nje ya Thailand. Zitumeni benki kwa benki, kutoka akaunti ya shemeji kwenda akaunti ya shemeji, na kwenye sababu ya kutuma mwandike kuwa ni za kuishi Thailand muda mrefu. Huduma za kutuma kwa simu ni rahisi na bei yake nzuri, nami nazitumia kwa mambo mengine, lakini hatua ya mwisho mara nyingi hupitia benki ya hapahapa, na kitabuni hutokea kama umetumiwa na jirani. Kisha benki iwape barua inayoonyesha pesa zimeingia kutoka nje.

Kuhusu wakala wa kukopesha, jibu langu ni fupi. Anaweka laki nane kwenye akaunti yenye jina lako, anakaa na kitabu na kadi, anapita nawe mlango anaoujua yeye, halafu anachukua pesa zake na ada juu. Huo ni udanganyifu uliosainiwa na wewe, yeye jina lake halipo popote. Na mwaka unaofuata kitabu hakina historia ya zile laki nne, kwa hiyo unarudi kwake, na mwaka ule mwingine unarudi tena. Mtu mwenye pauni 31,000 zake anatafuta nini huko?

Siku yenyewe ya kuomba haina makubwa. Ofisi ya Chiang Mai iko karibu na uwanja wa ndege. Mnakwenda asubuhi mkiwa na fomu ya TM.7, picha, nakala za pasipoti zilizosainiwa kila ukurasa, barua ya benki iliyoandikwa siku hiyohiyo, na kitabu kilichopigwa chapa siku hiyohiyo. Mimi hutoa baht 100 mashineni asubuhi ili kitabu kiwe na mstari wa leo. Ada ni baht 1,900 kwa mtu. Mkishapata, mnaripoti anwani yenu kila siku 90, haina malipo, ila ukichelewa ni faini ya baht 2,000. Na mkitaka kwenda Tanga kuzika au kuoza, kwanza mkanunue kibali cha kuingia tena: 1,000 kwa safari moja, 3,800 kwa safari zisizo na idadi. Ukitoka bila hicho, kibali chako cha mwaka kinakufa pale uwanja wa ndege, na mnaanza upya na miezi miwili yenu.

Kodi pia mwiangalie. Tangu Januari 1, 2024, anayekaa Thailand siku 180 au zaidi kwa mwaka anaweza kutozwa kodi kwa mapato ya nje anayoyaingiza nchini. Akiba iliyokuwepo kabla ya tarehe hiyo haiguswi. Basi hizo laki nane zitoke kwenye akiba ya zamani, na mtunze taarifa za benki za Desemba 2023 kuonyesha kwamba zilikuwepo.

La mwisho ni zito, nawe ni muuguzi, hutaogopa. Shemeji akitangulia, akaunti yenye jina lake inafungwa mpaka mahakama ya Thailand iteue msimamizi wa mirathi, na kibali chako wewe, kilichosimama juu ya chake, kinaanguka. Utajikuta na msiba, huna laki nane za kuomba kwa jina lako, na zile zake hazifikiki. Kwa hiyo aandike wasia unaofuata sheria za Thailand, kwa Kithai na Kiingereza, mapema. Na zile pauni 12,600 zisiletwe huku wala zisikae pamoja: ziwe Uingereza, kwa jina lako peke yako. Mweleze kwamba ni dada yako wa gazetini kasema.

Mkifika, Ijumaa mtatukuta msikiti wa Ban Haw, uliojengwa na Waislamu wa asili ya Yunnan. Soko la asubuhi la Ijumaa karibu yake lina maandazi ya aina zake.

SWALI

Bibi, shikamoo. Mimi na mke wangu ni raia wa Uingereza, wenye asili ya Bukavu. Tunataka kustaafu Hispania. Nina pensheni ya jumla ya pauni 1,900 kwa mwezi, mke hana. Tumeambiwa haitoshi. Mbona watu wanaishi kule kwa 1,000?
Baba wa Birmingham

JIBU

Marahaba. Kuishi na kuruhusiwa kuishi ni bei mbili tofauti. Hispania wanapima kwa kipimo chao kiitwacho IPREM, ambacho ni euro 600 kwa mwezi. Mwombaji wa viza ya kukaa bila kufanya kazi huonyesha mara nne ya hapo, euro 2,400 kwa mwezi au 28,800 kwa mwaka, na kila tegemezi huongeza IPREM moja, 7,200 kwa mwaka. Wewe na mama mnahitaji euro 36,000. Pauni 1,900 ni kama euro 2,190 kwa mwezi, hazifiki 26,300 kwa mwaka. Pengo ni karibu euro 9,700, nalo unaweza kuliziba kwa akiba, ila kumbuka kwamba watakuuliza tena wakati wa kuhuisha kibali, na hapo ni kwa miaka miwili kwa mkupuo.

Kwa nini usiangalie jirani? Viza ya D7 ya Ureno inapima kwa mshahara wa chini wa nchi, uliokuwa euro 870 kwa mwezi mwaka 2025, na mwenzi huongeza nusu yake. Jumla 1,305. Hapo una zaidi ya kutosha bila kugusa akiba. Kipimo hicho hupanda karibu kila mwaka, basi uliza cha mwaka utakaoomba. Watataka pia nyumba ya kupanga au ya kununua iwe imeshapatikana, na hapo ndipo pesa zako zitakapotoka jasho, maana kodi za Lisbon si mchezo. Tazama miji ya ndani.

Nyote wawili mkikaa nchi ya Umoja wa Ulaya, pensheni ya serikali ya Uingereza itaendelea kupanda kama kawaida, haigandishwi. Na ukishaanza kuipokea, omba fomu ya S1, inayokupa matibabu ya huko kwa gharama ya Uingereza. Hizo ni faida mbili ambazo dada yetu wa Leicester hatazipata Chiang Mai.

SWALI

Hujambo Bi. Mimi niko Diani. Mume wangu ni Mjerumani, na baba mkwe, miaka 68, mjane, anataka kuja kukaa nasi moja kwa moja. Pensheni yake ni euro 1,700 kwa mwezi. Mume wangu anasema tutamwongezea sisi kila mwezi ili afikie kiwango. Inakubalika?
Mkaza mwana, Diani

JIBU

Sijambo mwanangu. Mnachotafuta ni kibali cha Daraja K. Kenya inamtaka mwombaji awe na miaka 35 na kuendelea, na mapato ya uhakika yasiyopungua dola 24,000 za Marekani kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi, na aahidi kutofanya kazi ya malipo. Euro 1,700, ikiwa euro moja ni dola 1.15, zinakuwa dola 1,955. Mzee amepungukiwa na dola 45 kwa mwezi, na najua hilo linauma kuliko kupungukiwa na elfu.

Nyongeza yenu haitasaidia. Sheria inataka mapato yawe yake kwa haki yake mwenyewe na awe huru kuyatumia apendavyo. Hela ya mtoto ni hisani, leo ipo kesho mmegombana. Muulizeni kama ana kingine chenye jina lake: nyumba aliyopangisha kule, riba ya akiba, pensheni ya mjane kutokana na mkewe, ambayo Ujerumani ipo na wazee wengi huisahau wanapotaja pensheni yao kwa sababu hulipwa kando. Mapato ya mali iliyoko Kenya pia huhesabiwa. Kwa hiyo kama mume wako ana nia ya kweli ya kumsaidia baba yake, na mna nyumba yenu wenyewe mnayoipangisha, mnaweza kumhamishia mzee umiliki wake kisheria, kodi iingie akaunti yake. Muoneni wakili kwanza, kwa sababu mgeni hamiliki ardhi ya Kenya zaidi ya hati ya miaka 99, na kodi ya nyumba ina kodi yake ya serikali.

Na msingoje euro ipande. Ikipanda Juni mkaomba, inaweza kushuka wakati wa kuhuisha.